Ramani ya mawazo au orodha ya ngazi: mwongozo mmoja wa pampu umenifundisha

Ukurasa wa 9 ulimwambia fundi afungue kifuniko cha pampu. Ukurasa wa 31 ulimwambia azime umeme.

Rasimu hiyo niliiandika mimi, na nilikuwa nimeisoma mara mbili kabla ya kuituma. Fundi mkuu aliyepewa kazi ya kuipitia alinipigia simu asubuhi. Hakufoka. Alisema tu, "Mwalimu, naomba ufungue ukurasa wa 9, halafu ufungue wa 31, kisha uniambie: kijana atakayefuata mwongozo huu hatua kwa hatua, atafika mwisho akiwa mzima?" Nilifungua. Nguvu ziliniisha.

Kazi yangu ni kuandika miongozo ya mafunzo kwa mafundi wapya, na nimeifanya kwa miaka 11. Mwongozo huu wa pampu niliupanga kwa programu ya ramani ya mawazo, ile michoro yenye neno kuu katikati na matawi yanayotoka pande zote. Tawi la usalama nililiweka juu kushoto na kulipaka nyekundu, mahali ambapo jicho langu lilitua kila nilipofungua faili. Machoni pangu lilikuwa la kwanza. Kwa programu niliyokuwa nikiitumia wakati huo halikuwa la kwanza hata kidogo: nilipoigeuza ramani kuwa hati, ilichukua matawi yote ya kulia, juu hadi chini, ndipo ikaja kushoto. Usalama ukaangukia mkiani, nyuma ya ufunguzi, ukaguzi na vipuri. Nami kila niliposoma rasimu, nilisoma nikiwa na ule mchoro kichwani. Nilikuwa naona mfuatano ambao kwenye karatasi haukuwepo.

Tangu simu ile nimezilinganisha programu za aina hizi mbili kwa makini kuliko nilivyowahi kulinganisha chombo chochote cha kazi. Nimepanga miongozo mitatu zaidi, mmoja kwa ramani peke yake, mmoja kwa orodha peke yake, na wa tatu kwa zote mbili. Ninayoandika hapa yametoka huko.

Orodha ya ngazi ni ile tuliyoizoea tangu shuleni: kichwa cha habari, chini yake vichwa vidogo, na kila ngazi inaingia ndani kidogo kuliko iliyotangulia. Programu zake zinaongeza uwezo wa kukunja. Ukibofya kichwa, yote yaliyo chini yake yanajificha. Ukibofya tena yanarudi. Unaweza kukishika kichwa na kukipandisha juu, kikabeba watoto na wajukuu wake wote.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kuchunguza ni kwamba ndani ya kompyuta vitu hivi viwili ni kitu kimoja. Chukua Freeplane, programu ya ramani isiyolipiwa na yenye chanzo huria, iliyozaliwa kutoka kwa nyingine ya zamani iitwayo FreeMind. Faili lake lina kiambishi cha .mm, na ni maandishi ya XML, yaani maandishi ya kawaida yenye alama za kuonyesha kipi kiko ndani ya kipi, ambayo unaweza kuyafungua kwa kihariri chochote cha maandishi. Ukilifungua hivyo huoni mchoro. Unaona tawi ndani ya tawi ndani ya tawi, mstari kwa mstari. Unaona orodha. Si lazima hata ufike huko: nakili tawi zima ndani ya Freeplane, libandike kwenye ukurasa mtupu wa maandishi, na utapata mistari iliyoingizwa ndani kulingana na ngazi zake. Geuza zoezi: andika mistari yenye tabo, inakili, ibandike juu ya tawi, na matawi yanachipuka yenyewe.

Kwa hiyo kinachogombaniwa hapa si namna ya kuhifadhi mawazo. Ni macho. Kila mtindo unakuonyesha kitu na kukuficha kingine, na mwenye kazi ndiye anapaswa kujua ni kipi amefichwa.

Familia hizi mbili zilizaliwa mbali mbali, na asili zao bado zinaonekana. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, mtafiti Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta orodha ya ngazi kwenye skrini, inayopangwa upya na kukunjwa mbele ya macho yao. Mwaka 1983 Dave Winer alitoa ThinkTank, programu ya orodha, kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, na mwaka 1986 ikafuata MORE kwenye Macintosh, ambayo ilikuwa tayari inaweza kuigeuza orodha kuwa mchoro wa mti. Ukoo huu ni wa watu wa kuandika, kupanga na kuwasilisha. Ramani ya mawazo, kwa sura tunayoijua leo, ilienezwa na mwandishi Mwingereza Tony Buzan, ambaye mwaka 1974 aliifundisha kwenye televisheni ya BBC kwa karatasi na kalamu za rangi. Yeye alikuwa anahangaika na kumbukumbu: mtu asome, aelewe, akumbuke. Kanuni zake zinatoka hapo. Weka picha katikati, tumia rangi, pinda matawi, na kila tawi libebe neno moja tu.

Kanuni hiyo ya neno moja niliifuata kwa uaminifu, na iliniumiza. Katika ramani yangu ya pampu kulikuwa na tawi limeandikwa "joto". Basi. Nililiandika wakati fundi anaongea, na dakika ile nilijua barabara alichomaanisha. Baada ya wiki tatu nilikaa mbele yake kama mgeni. Joto la beringi? La mota? La maji yanayozunguka ndani ya pampu iliyofungwa vali ya kutokea? Yote matatu ni matatizo ya kweli, kila moja lina dalili zake na tiba yake, na kosa moja hapo linaharibu mashine. Ilinibidi nimpigie yule fundi na kumwomba anisimulie upya. Kwa anayesomea mtihani, neno moja linatosha, maana yeye ndiye atakayelitazama kesho na kesho yake mpaka likae kichwani. Anayekusanya habari kwa ajili ya msomaji mwingine anahitaji sentensi. Siku hizi tawi langu linasema "beringi ikishika joto hata mkono haukai, simamisha pampu", na kama mchoro unaonekana mnene, na uwe mnene.

Lakini sitaki mtu asome hadi hapa akadhani nimeikataa ramani. Kuna kazi ambayo orodha haijawahi kunifanyia, na hiyo nataka niieleze vizuri.

Kabla ya kuandika mwongozo wa pampu niliketi na mafundi sita kwa siku nzima. Fundi hasimulii kazi yake kwa sura na vifungu. Anaanza na sili, yaani kizuia maji, inayovuja. Sili inamkumbusha beringi iliyokuwa inakwaruza, beringi inamkumbusha siku ambayo pampu iliendeshwa kavu bila maji, na hapo mwenzake anadakia kwamba siku ile mkosaji alikuwa vali ya upande wa kunyonya. Ndani ya dakika mbili umeshapita sura nne za kitabu ambacho hakijaandikwa. Kwa ramani nilikwenda nao. Ukibonyeza Enter unapata tawi jipya kando ya ulilopo, ukibonyeza Tab unapata tawi la ndani, na mikono haiondoki kwenye kibodi. Freeplane na XMind, programu nyingine ya ramani, zote zinafanya hivyo. Zote mbili pia zinaruhusu tawi linaloelea, lisiloshikamana na chochote, kwa ajili ya jambo ambalo hujui bado ni la wapi. Nilikuwa na matawi 17 yanayoelea kufikia saa ya mapumziko, na sikuwa na wasiwasi wowote.

Mchana niliirusha ramani ukutani kwa projekta. Fundi mmoja, mkimya kuliko wote, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametoa maneno kama kumi hivi, aliinuka akaenda hadi ukutani. Akaweka kidole kwenye "mtetemo", niliouweka chini ya "mota".

"Huu usiufunge hapa," alisema. "Mota inasingiziwa. Mara nyingi ni bolti za msingi zimelegea, na pampu yote inatikisika."

Nilimuuliza niuweke wapi. Akaonyesha sehemu tupu katikati ya "mota" na "ufungaji", akasema, "Hapa, peke yake, kisha uvute mistari kwenda kote kuwili." Wenzake wakaanza kusimama. Mmoja akataka "kelele" iende karibu na "mtetemo". Mwingine akapinga, akasema kelele ya pampu inayokosa maji ni tofauti na kelele ya beringi, akaiga zote mbili kwa mdomo, na kwa kweli zilikuwa tofauti. Nusu saa ile ilinipa sura nzima ya hitilafu.

Mwongozo uliofuata nilifanya kikao kama hicho kwa kuweka orodha ukutani. Mafundi wengine, lakini wenye uzoefu uleule. Walisoma kutoka juu. Walipofika kama mstari wa 8 wakaanza kutikisa kichwa kukubali. "Iko sawa, mwalimu, endelea." Hakuna aliyeinuka. Nadhani orodha ikishaonekana na namba zake inafanana na jambo lililokwisha kuamuliwa na wakubwa, na mtu mwenye adabu hapingi. Ramani inafanana na kazi ambayo haijaisha, na fundi akiona kazi haijaisha mkono unamwasha.

Kuna la pili ambalo ramani huonyesha na orodha huficha, nalo ni uzito. Nikiitazama ramani yangu kwa mbali, hata bila kusoma neno, niliona tawi la hitilafu limejaa kama mwembe na tawi la kumbukumbu za matengenezo lina vitawi vitatu tu, limekonda. Jicho lilinionyesha pengo kabla akili haijalifikiri. Orodha ileile ikikunjwa inakupa mistari 9 iliyo sawa kwa sawa, kila kichwa kimenyooka kama mwenzake, na huwezi kujua kipi kimebeba mambo 90 na kipi kimebeba 3.

Sasa upande wa pili, na hapa niko tayari kubishana na yeyote.

Orodha inakuuliza swali moja kila unapobonyeza Enter: je, hili kweli linakuja baada ya lile? Huwezi kulikwepa. Mstari lazima ukae juu ya mwingine au chini yake. Ramani haiulizi swali hilo kamwe. Inakuruhusu uweke tawi juu kulia, chini kushoto, popote panapopendeza, na kuahirisha uamuzi siku hadi siku huku ukijiona unafanya kazi. Kwa anayepanga sherehe au anayekusanya fikra, kuahirisha si dhambi. Kwa anayeandika hatua za kazi ya hatari, mfuatano ndio ujumbe wenyewe.

Baada ya simu ya fundi mkuu niliichukua ramani yote, matawi 214, nikaibandika kwenye orodha. Kubandika kulichukua chini ya dakika moja. Kuamua nini kitangulie kulinichukua siku mbili, na siku hizo mbili ndizo zilizokuwa zimekosekana tangu mwanzo. Umeme haukuwa peke yake. Nilikuta nimemwambia fundi awashe pampu, na mistari minne chini nikamwambia ahakikishe imejazwa maji ya kuanzia. Nilikuta orodha ya vifaa iko nyuma ya hatua zinazovihitaji, kwa hiyo mtu angefika katikati ya kazi, kifuniko kiko wazi, ndipo agundue kwamba hana gasketi mpya. Kwenye ramani mambo hayo yalikuwa yamekaa kwa amani, kila moja kwenye pembe yake. Kwenye orodha yalipiga kelele.

Kazi hiyo niliifanya ndani ya Microsoft Word, programu ambayo watu wengi wanayo tayari bila kujua kwamba ina orodha ya ngazi nzuri kabisa tumboni. Fungua mwonekano wake wa muhtasari. Hapo Tab inashusha kichwa ngazi moja na Shift pamoja na Tab inakipandisha. Shika Alt na Shift kwa pamoja, kisha bonyeza mshale wa juu, na kichwa kilichokunjwa kinapanda na kila kilicho chini yake. Kwa vitufe hivyo vitatu nilikitoa "Usalama" mkiani hadi mwanzo, nikakitazama kikiruka vichwa vya wenzake kimoja kimoja. Mtumiaji wa LibreOffice ana dirisha la Navigator linalomwezesha kupandisha na kushusha sura kwa namna hiyo hiyo. Mtu asinunue chochote kabla hajajaribu alichonacho.

Workflowy ni mtindo mwingine. Ni orodha moja isiyo na mwisho, ndani ya kivinjari au kwenye simu, na kila nukta ukiibofya inageuka kuwa ukurasa wake mwenyewe. Nilipokuwa naandika sura ya sili, niliingia ndani ya nukta ya sili, na vitu vingine 200 vikatoweka machoni. Nafsi inatulia. Kwa ramani utulivu huo ni mgumu. Kwenye skrini yangu ya inchi 14, ama naiona ramani nzima na maandishi yanakuwa kama chungu, ama nasoma maandishi na ramani nzima inanipotea. Kukunja matawi kunasaidia, lakini ukishakunja unapoteza lile lililokufanya uchague ramani, yaani kuona vyote kwa pamoja. Kwa uzoefu wangu, matawi 60 bado yanasomeka kwa raha. Yakipita 100 nakuwa naitafuta njia. Kwenye simu sijaribu kabisa.

Orodha nayo ina maradhi yake. La kwanza linaanza kwenye mstari wa kwanza. Mwongozo nilioupanga kwa orodha peke yake niliuanza kwa neno "Utangulizi", kwa sababu ukurasa mtupu unaoanzia juu unadai kitu cha kuanzia. Kisha nikaandika "Sehemu za mashine", kisha "Usalama", kisha "Matumizi". Ndani ya saa moja nilikuwa na vichwa vitano, vilevile ninavyoviweka kila mara, na kwa wiki mbili kila nilichoambiwa na mafundi nilikisukuma kiingie humo. Mwongozo ulitoka salama na wenye mfuatano mzuri. Haukuwa na jambo hata moja ambalo sikulijua kabla ya kuanza, na hilo linanisikitisha mpaka leo.

La pili ni la undani zaidi, na linazigusa orodha na ramani zote mbili. Mti unamruhusu kila mtoto mzazi mmoja. Sili inayovuja ina wazazi watatu. Ni jambo la kuangaliwa katika ukaguzi wa kila siku, ni hitilafu yenye chanzo na tiba, na ni kipuri cha kuagizwa kwa vipimo. Ukiiweka mahali pamoja, msomaji anayeingia kwa mlango mwingine haioni. Ukiiandika mara tatu, siku ya kurekebisha utarekebisha mara mbili na kusahau ya tatu. Katika ramani nilivuta mstari wa vidoti kutoka tawi hadi tawi, na kwenye skrini ulionekana vizuri, ingawa mistari ikizidi kumi mchoro unageuka wavu wa samaki. Workflowy ina njia safi kuliko hiyo: inakuruhusu kuweka kioo cha mstari mahali pengine, na ukibadilisha neno kwenye kimoja, vyote vinabadilika. Freeplane nayo ina matawi pacha yanayofanya kazi hiyo. Kwa anayeandika mambo ya kiufundi, uwezo huu una thamani kuliko rangi zote na picha zote mtu atakazoahidiwa. Na kama mambo yako karibu yote yana wazazi watatu, basi hutafuti ramani ya mawazo wala orodha. Unatafuta ramani ya dhana, ile aliyoibuni Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, ambako kila mstari kati ya vitu viwili unaandikwa uhusiano wake. Hiyo ni habari nyingine.

Neno kuhusu kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, maana hapo ndipo watu wanapopoteza kazi. Programu nyingi za pande zote mbili zinasoma na kuandika faili la OPML, muundo uliobuniwa kwa ajili ya orodha. Unabeba maneno na ngazi zake vizuri. Mistari ya vidoti haibebi. Rangi na mahali ulipoliweka tawi kwenye ukurasa, usivitegemee. Ndiyo sababu sasa kabla sijaiamini programu mpya naipa mtihani mdogo: natengeneza matawi 20, naweka moja lenye maelezo marefu, moja lenye picha, moja lenye kiungo cha tovuti, na mawili yaliyounganishwa kwa vidoti. Natoa faili, nalifungua kwenye programu nyingine, kisha nalirudisha. Nahesabu kilichopotea, na naangalia hasa mfuatano: tawi la juu kushoto limeangukia wapi? Dakika 15 zinatosha. Laiti ningezitumia kabla ya ukurasa wa 9.

Kuna mwenzangu mmoja, dada mhariri, asiyeona, anayesoma kwa kisoma skrini. Nilimtumia ramani kama picha, tena nzuri, yenye rangi. Alinijibu kwa upole: "Dada yangu, mimi nimepata jina la faili tu. Naomba orodha." Kwenye orodha anaruka kichwa hadi kichwa kwa kitufe kimoja, na anaijua ngazi kwa kusikia. Alinirudishia masahihisho kabla ya wote. Kama kazi yako inapita mikononi mwa watu wengi, fikiria hilo kabla ya kuchagua chombo. Hutajua kila mara nani yuko upande wa pili.

Niwaambie basi ninachotumia. Kwa siku za kukusanya na kwa vikao na watu, Freeplane. Menyu zake ni nyingi na sura yake haivutii mara ya kwanza, lakini faili ni langu, ni maandishi yanayosomeka, na ramani nilizochora zamani kwa FreeMind bado zinafunguka. Anayetaka kitu chenye sura nzuri tangu dakika ya kwanza ajaribu XMind, ambayo pia ina mwonekano wa orodha humo humo: unabadilisha kutoka mchoro kwenda mistari na kurudi bila kuhamisha faili. Hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwake, na kwa anayeanza leo ningesema aanzie hapo. Kwa kupanga na kuandika, Workflowy ninapokuwa njiani na Word ninapokaa mezani. Wapenzi wa kibodi wana Org-mode, orodha iliyo ndani ya kihariri cha maandishi kiitwacho Emacs, iliyoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003, ambako vichwa ni nyota tu na Tab inakunja kila kitu. Rafiki yangu haachani nayo, mimi sikuivumilia wiki mbili.

Siku ya kuhama kutoka ramani kwenda orodha naijua kwa dalili moja. Nikijikuta nasogeza matawi ili mchoro upendeze, bila kuongeza jambo lolote jipya, nafunga ramani jioni hiyo hiyo. Asubuhi nafungua orodha. Ramani naibakiza kando, imechapishwa, imebandikwa ukutani juu ya meza, kwa ajili ya ule uzito ambao orodha hainionyeshi. Sirudi tena kuibadilisha.

Mwongozo wa pampu ulitoka. "Zima umeme kwenye swichi kuu, funga kwa kufuli, weka kibao" iko ukurasa wa 3, na inarudiwa kwenye mstari wa kwanza wa kila kazi inayofungua mashine, mara 12, zote zikiwa vioo vya mstari mmoja. Fundi mkuu aliupitia akiwa na kalamu mkononi. Alirudisha na alama moja tu, kwenye sura ya mtetemo: alitaka bolti za msingi zitajwe kabla ya mota. Nilishika Alt na Shift, nikabonyeza mshale wa juu.